Tusafishe Kioo Kabla ya Mvua



Mara nyingi katika ukurasa huu twaandika habari za mshahara, nyumba, likizo na malipo ya saa za ziada. Leo nataka kuandika habari ya kitu ambacho wengi wetu hukitazama kila siku bila kukiona. Kitu hicho ni kioo cha mbele cha gari, pamoja na waipa zake. Huenda wengine watacheka wakisema, "Mhariri amekosa habari, sasa anatufundisha kuosha gari." Nawaomba msicheke mpaka mfike mwisho. Kioo kibaya huleta ajali, na ajali ikitokea swali la kwanza la wakubwa si "Kioo kilikuwa namna gani?" Swali lao ni "Dereva alikuwa nani?"

Chama chetu ni cha watu wa reli, lakini kazi ya reli haifanywi na treni peke yake. Yako malori yanayochukua magenge ya njia, ziko pikapu za mafundi wa ishara, yako mabasi yanayowapeleka wenzetu zamu ya usiku. Dereva wa treni naye ana kioo mbele yake, na kwa kioo hicho hutafuta taa ya ishara katika mvua na ukungu. Kwa hiyo jambo hili ni letu sote: la dereva, la tanboi, la fundi wa gereji, na hata la yule anayekaa nyuma ya lori na sururu yake, ambaye hana usukani mkononi lakini roho yake imo katika lori lile lile.

YALIYONIPATA MIMI MWENYEWE

Nitaanza na aibu yangu, ili mtu asiseme kwamba nawahukumu wengine.

Ilikuwa mwezi wa Novemba, wakati wa mvua za vuli. Nilikuwa naendesha lori la genge usiku kutoka Mtito Andei kwenda Makindu, na watu tisa walikuwa nyuma chini ya turubai. Mchana wa siku hiyo lori lilikuwa limeoshwa na vijana wanaoosha magari kando ya barabara. Kwa macho walifanya kazi nzuri sana. Tairi zilikuwa nyeusi tititi, dashibodi iling'aa, na kioo kiling'aa pia. Nikawalipa, nikawashukuru, nikaenda zangu. Sikujua kwamba kitambaa kimoja ndicho kilichofanya kazi zote tatu. Dawa ile ya kung'arisha tairi ina mafuta ya silikoni, na mafuta hayo yakishika kioo hayaondoki kwa maji.

Mvua ilipoanza, kioo kikawa kama kimepakwa samli. Waipa hazikuteleza bali zilirukaruka, kra-kra-kra, zikiacha michirizi kila zilipopita. Kila lori lililotoka upande wa pili na taa zake liligeuza kioo changu kuwa pazia jeupe. Nilikuwa katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Hesabu yake ni rahisi: kwa mwendo huo gari lapita zaidi ya mita 16 katika sekunde moja. Dereva aliyepofushwa kwa sekunde mbili amekwenda mita 33 akiwa kipofu.

Pazia lilipoondoka nikamwona mtu mbele yangu, karibu sana, akisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya makaa. Nikapiga breki, lori likateleza, likasimama nusu yake ikiwa nje ya lami. Yule mtu hakuguswa. Lakini nyuma ya lori wenzangu waliangukiana, na mmoja wao akavunjika kidole.

Baada ya siku chache nikapata barua ya kutakiwa nijieleze. Nikajibu kwamba mipira ya waipa ilikuwa imepasuka tangu majuma mengi, na kwamba nilikwisha kumwambia msimamizi. Nikaulizwa, "Uliandika wapi?" Sikuwa nimeandika popote. Nilikuwa nimesema kwa mdomo tu, tukiwa tumesimama mlangoni, na maneno ya mlangoni huchukuliwa na upepo. Nikapewa barua ya onyo, nayo imo katika faili langu hata leo.

Nilikasirika sana. Lakini nilipotulia niliona kwamba usiku ule kulikuwa na madeni mawili. Mipira mibovu ilikuwa deni la ofisi. Mafuta juu ya kioo yalikuwa deni langu, maana niliondoka bila kukitazama. Twafundishwa tangu utotoni habari ya kibanzi na boriti. Mimi nililia juu ya kibanzi cha ofisi na huku boriti yangu ya silikoni imekaa juu ya kioo. Kama ningalilipa deni langu na kuliandika lao, barua ile isingaliandikwa kwa jina langu.

KUOSHA SI KUSAFISHA

Mwenye kunifundisha alikuwa fundi mmoja mzee wa karakana, ambaye sasa amestaafu. Nilimpelekea lori lile nikamwuliza, "Mzee, kioo hiki si kimeoshwa?"

Akanijibu, "Kimeoshwa, kijana wangu, lakini hakijasafishwa. Lete maji."

Akachukua kikombe cha maji akamimina juu ya kioo. Maji yakajikusanya vipande vipande, mengine yakishuka kwa njia nyembamba, mengine yakikataa kushuka. Kisha akasafisha pembe moja kwa namna nitakayoeleza, akamimina tena. Safari hii maji yalitandaa kama shuka, sawasawa, bila kukatika. Akasema, "Kioo kitupu hupenda maji. Ukiona maji yanakatika, jua kuna kitu katikati."

Ndugu, shikeni kipimo hiki, maana hakina gharama. Kioo chenye mafuta huvunja maji kuwa matone na michirizi, na kila tone hutawanya mwanga wa taa zinazokuja. Ndiyo sababu kioo kinachoonekana kizuri mchana chaweza kuwa ukuta usiku.

Mafuta hayo hutoka wapi? Hutoka katika dawa za kung'arisha, katika moshi wa dizeli unaotoka kwa lori lililo mbele, katika lami, katika wadudu wanaopasuka juu ya kioo, na katika vidole vyetu vyenye grisi. Juu ya hayo liko vumbi letu jekundu la Tsavo, na yako maji ya visima vyenye chumvi na chokaa, ambayo yakikaushwa na jua huacha madoa meupe.

NAMNA YA KUSAFISHA

Kwanza, weka gari kivulini na ungoje kioo kipoe. Usimwage maji baridi juu ya kioo kilichochomwa na jua la Voi, hasa kama kina ufa, maana ufa waweza kukimbia toka pembe hii hadi ile.

Pili, mwaga maji mengi kabla ya kugusa kwa kitambaa. Vumbi ni mchanga, na mchanga ukisuguliwa ukiwa mkavu hukwaruza kioo. Kisha osha kwa maji ya sabuni laini na kitambaa safi, ukisuuza kitambaa mara kwa mara. Usitumie stilwaya ya jikoni. Usitumie kitambaa cha tairi wala cha injini. Kitambaa cha kioo kiwe na kazi moja tu, nacho kisifuliwe kwa dawa za kulainisha nguo, maana hizo nazo huacha mafuta.

Tatu, pitisha vidole vyako juu ya kioo kilicholowa. Ukisikia vikwaruzo kama vya msasa mwembamba, kuna uchafu ulioshika: utomvu wa miti, lami, au unga wa chuma. Yuko udongo laini unaouzwa kwa kazi hii, ambao husuguliwa polepole juu ya kioo chenye maji ya sabuni na kuuchukua uchafu huo. Udongo huo ukianguka chini utupe, maana umekwisha okota mchanga.

Nne, madoa meupe ya maji ya kisima yafute kwa siki. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa dakika chache, sugua, kisha suuza kwa maji mengi ili siki isikae juu ya rangi ya gari. Doa likikataa, mafundi wa vioo wana unga uitwao oksidi ya seriamu, unaochanganywa na maji na kusuguliwa kwa kitambaa kizito. Unga huo usiachwe ukauke juu ya kioo, wala pasisuguliwe mahali pamoja mpaka kioo kipate moto. Nao hauondoi mikwaruzo mirefu. Mwenye kuichimba mikwaruzo kwa nguvu hukipinda kioo, na dereva huona barabara ikicheza.

Tano, ondoa mafuta ya mwisho kwa spiriti iliyotiwa katika kitambaa safi, ukifuta kidogo kidogo na kugeuza upande wa kitambaa. Zimeni sigara, maana spiriti hushika moto upesi. Halafu mimina maji na utazame. Yakitandaa, umemaliza. Yakikatika, rudia.

Sita, usisahau upande wa ndani. Dashibodi za plastiki zikipigwa na jua hutoa mvuke wenye mafuta unaoshika kioo, na moshi wa sigara huongeza. Utando huo ndio unaofanya ukungu ushike upesi watu wakipumua ndani ya gari lililofungwa. Futa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo, kisha kwa kitambaa kikavu. Fundi wangu alinifundisha hila moja: nje futa kwenda juu na chini, ndani futa kwenda kulia na kushoto. Ukiona mchirizi baadaye, utajua kwa mwelekeo wake uko upande gani, wala hutasugua upande usio na kosa.

WAIPA NAZO

Waipa ni mpira wenye mdomo mwembamba. Ikienda kulia, mdomo hulala kushoto. Ikirudi, mdomo hugeuka. Mpira ukiwa laini na mkono wake ukiwa sawa, mdomo hugeuka kila safari bila kelele. Mpira ukikaushwa na jua hushindwa kugeuka, basi husukumwa badala ya kuvutwa, nao huruka. Mkono ukipindwa kidogo, jambo hilo hilo hutokea hata kama mpira ni mpya. Kwa hiyo ukisikia kra-kra-kra, kuna mambo matatu ya kutazama: mafuta juu ya kioo, ugumu wa mpira, na kupinda kwa mkono.

Fanya hivi. Inua mkono wa waipa polepole. Ukitoa mpira, weka kitambaa kizito juu ya kioo, maana mkono mtupu ukiponyoka waweza kukipasua. Futa mdomo wa mpira kwa kitambaa chenye maji ya sabuni mpaka weusi unaotoka upungue. Pitisha kidole: ukisikia meno, ufa au ugumu, mpira huo umekwisha kazi yake. Katika jua letu mpira hauna maisha marefu. Yafaa utazamwe kila mwezi na ubadilishwe kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, nasi twataka iwe kabla ya masika ya Machi na kabla ya vuli ya Oktoba. Usiupake grisi, wala mafuta ya taa, wala dizeli. Wako madereva wanaofanya hivyo ili kelele ikome. Kelele hukoma kweli, lakini kioo huwa kipofu.

Wala usiwashe waipa juu ya kioo kikavu chenye vumbi. Tumia maji ya tangi. Tangi lisiwe tupu, na matundu ya kurushia maji yakiziba, yazibue kwa sindano.

DAWA YA KUKIMBIZA MAJI

Siku hizi ziko dawa zinazopakwa juu ya kioo ili maji yajikunje kuwa matone na kupeperushwa na upepo. Mtu aweza kuuliza, "Mhariri, umesema maji yakikatika ni vibaya, sasa wataka yakatike?" Swali hilo ni zuri. Tofauti ni hii: mafuta machafu yamekaa mahali na mahali, manene hapa na membamba pale, na maji hushikwa na kuburutwa. Dawa iliyopakwa vizuri ni utando mmoja mwembamba sana, sawa kila mahali, na tone halipati pa kushika.

Dawa hii haipakwi juu ya uchafu. Ukiipaka juu ya mafuta umefungia mwizi ndani ya nyumba. Safisha kwanza mpaka maji yatandae, kausha kabisa, kisha ukiwa kivulini paka kidogo kwa mizunguko, sehemu kwa sehemu. Ingoje ikauke na kuacha ukungu, kama maandishi ya chupa yanavyosema, halafu futa kwa kitambaa safi kikavu mpaka ukungu wote utoke. Paka tena mara ya pili. Kosa la wengi ni kupaka nyingi na kufuta kidogo. Dawa iliyobaki hufanya waipa ziruke na taa zitawanyike, na hapo dawa hulaumiwa bure.

Jueni pia mpaka wake. Gari likienda mbio katika barabara kuu, upepo huchukua matone. Gari likienda polepole mjini, matone hukaa, na waipa zinahitajika kama zamani. Dawa pia huisha kwa kusuguliwa, basi hupakwa tena. Nayo haiponyi kioo kilichojaa vishimo vya mchanga, wala haiufungi ufa. Kioo cha namna hiyo kinatakiwa kubadilishwa, na hiyo si kazi ya kitambaa cha dereva.

WAIPA ILIANZIA WAPI

Nawapa habari moja ambayo mtu wa reli hana budi kuijua. Majira ya baridi mwanzoni mwa karne ya 20, mama mmoja wa Alabama, Marekani, jina lake Mary Anderson, alikuwa akisafiri kwa tramu mjini New York. Theluji ilikuwa ikianguka, na dereva hakuweza kuona mbele ila kwa kufungua kioo na kupigwa na baridi. Mama huyo hakuwa mhandisi. Lakini aliona mfanyakazi akiteseka katika kazi yake, akarudi nyumbani akachora mkono wenye mpira, unaovutwa kwa wenzo kutoka ndani. Alipewa hataza yake tarehe 10 Novemba 1903.

Mwaka 1905 aliiandikia kampuni moja ya Canada ili wakinunue chombo chake. Wakamjibu kwamba hawaoni kama kina faida ya biashara. Hataza yake ikaisha muda wake mwaka 1920, wakati magari yalipokuwa yanaongezeka kila mahali, naye hakupata fedha kwa wazo lile. Jina lake lilitiwa katika jumba la heshima la wavumbuzi wa Marekani mwaka 2011, miaka mingi baada ya kufa kwake.

Basi mjue kwamba waipa ya mama huyo ilifikiriwa kwa ajili ya dereva wa chombo cha reli. Na mjue kwamba tangu siku ile jibu la wenye mali juu ya jicho la mfanyakazi lilikuwa, "Hatuoni faida." Leo jibu hilo twalisikia kwa maneno mengine: "Subirini bajeti." Jozi ya mipira ya waipa ina bei gani mbele ya bei ya lori, na lori lina bei gani mbele ya watu tisa?

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 imeweka deni kwa kila upande. Kifungu cha 6 chamtaka mwenye mahali pa kazi atunze mitambo na vyombo viwe salama kwa wanaovitumia. Kifungu cha 13 chamtaka mfanyakazi naye aangalie usalama wake na wa wengine wanaoweza kudhurika kwa matendo yake au kwa kuacha kwake kutenda. Na kifungu cha 14 chasema kwamba mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, hana budi kumwarifu msimamizi wake. Na mpaka hatari hiyo iondolewe, asilazimishwe kurudi mahali pale. Aliyeondoka kwa sababu ya haki ya namna hiyo asifukuzwe wala asiadhibiwe.

Hayo ni maneno yenye nguvu, lakini sheria haijitembezi yenyewe. Mfanyakazi anayesema, "Siendeshi, waipa mbovu," hali kioo chake kina alama za mikono na tangi lake la maji ni tupu, amewapa wakubwa fimbo ya kumpigia. Lakini yule aliyesafisha kioo chake, akajaza tangi lake, akaandika katika kitabu cha gari tarehe, saa, namba ya gari na maneno haya, "Mpira wa waipa ya kulia umepasuka, hauondoi maji," akapata sahihi ya msimamizi na kuweka nakala yake, mtu huyo amesimama juu ya mwamba. Mwakilishi wetu akiingia ofisini na nakala ile mkononi, hana haja ya kupaza sauti.

TUFANYE NINI

Chama kinaomba mambo matatu katika kila kituo kabla ya mvua zinazokuja.

La kwanza, kila dereva na tanboi wake watenge nusu saa wasafishe kioo kwa namna tuliyoeleza, ndani na nje, na kukipima kwa kikombe cha maji. Wale wa malori wawafundishe wale wa pikapu. Na gari likirudi kutoka kwa waosha magari, pimeni kabla ya kuondoka. Msiwagombeze vijana wale. Nao ni wafanyakazi kama sisi, hakuna aliyewapa kitambaa cha pili. Waelezeni kwa adabu.

La pili, kila ubovu uandikwe. Anayeogopa kuandika, amwite mwakilishi wa chama waandike pamoja. Asiyejua kuandika vizuri asione haya, mwenzake atamwandikia.

La tatu, wawakilishi wetu waiombe kila ofisi iweke akiba ya mipira ya waipa, spiriti na vitambaa safi karibu na magari, si katika stoo iliyofungwa ambayo ufunguo wake umekwenda Nairobi na mtu aliye likizo. Vioo vyenye nyufa au vishimo mbele ya macho ya dereva viorodheshwe, na orodha ipelekwe kwa barua. Majibu tutayachapa katika ukurasa huu, yakiwa mazuri au mabaya.

Ndugu zangu, yule mwenzetu aliyevunjika kidole usiku ule bado yuko katika genge lile lile. Hakuniwekea kinyongo. Lakini kila akishika sururu, kidole kile hakikunji sawasawa, nami nikikiona hukumbuka kitambaa cha tairi, mpira uliopasuka, na kitabu ambacho sikuandika ndani yake. Sitaki mwanachama mwingine awe na kumbukumbu ya namna hiyo.

Mawingu yakikusanyika juu ya vilima vya Chyulu, wakati wa kusafisha umekwisha pita. Tuanze sasa jua likiwa bado linawaka. Tulipe deni letu, ndipo tudai lao bila kutetemeka.

Wasalaam,
Mwenzenu, Mhariri.